Uzi: "Who" ya Kiingereza inavyomtambulisha mtu, kwa mifano ya watu wetu wa Mwanza

Mchapaji wa Nyegezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama atarudi baadaye.

Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kunyoosha maandishi ya watu hapa Nyegezi, si mbali na stendi. Wanaokuja ni wa kila namna: wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT na ripoti zao za mafunzo kwa vitendo, madereva wanaoomba kazi migodini Geita, manesi, wenye mitumbwi wanaoandikia wafadhili wa miradi, wazazi wanaomtafutia mtoto ufadhili nje. Karibu wote wanataka Kiingereza. Na katika Kiingereza chao, kinachonipa kazi kuliko nyakati na tahajia ni urejeshi: who, whom, whose, which, that.

Ninalileta jukwaani kwa sababu hapo kwenye urejeshi ndipo mtu anaposema yeye ni nani, anafanya kazi gani, ni mama wa nani, ametoka wapi. Tahajia ikikosewa msomaji atasamehe. Urejeshi ukikosewa, msomaji aliye London au Nairobi anapata picha ya mtu mwingine kabisa, na aliyeandika hatajua kwa nini hakuitwa.

Shuleni zoezi lilikuwa moja: unganisha sentensi mbili kwa kutumia "who". Unaunganisha, unapata vema yako, mnahamia mada nyingine. Mwanafunzi haambiwi kwamba ile sentensi anayoitumbukiza ndani ya "who" ina kazi tofauti na ile anayoiacha nje.

Chukueni mama mmoja wa Kirumba. Anaanika dagaa, na mwanawe ni daktari. Unaweza kuandika hivi:

"The woman who dries dagaa at Kirumba has a son who is a doctor."

Au hivi:

"The woman whose son is a doctor dries dagaa at Kirumba."

Mambo ni yaleyale mawili. Lakini katika sentensi ya kwanza mama anajulikana kwa kazi yake. Udaktari wa mwanawe ndiyo habari tunayopewa. Katika ya pili anajulikana kwa mtoto, na kuanika dagaa ndiyo habari, tena inasomeka kama jambo la kushangaza: kumbe mama wa daktari anaanika dagaa! Kilichomo ndani ya "who" ni kile msomaji anachomtambulia mtu. Kilicho nje ndicho anachoambiwa. Kwa hiyo kabla hujaunganisha, jiulize huyu unataka ajulikane kwa lipi. Kama ni mama yako mzazi unayemwandikia barua ya mkopo wa biashara, atangulie na dagaa wake. Kama ni barua ya kumtafutia kijana nafasi ya masomo ya ubingwa, geuza.

Sasa niende pale panapotutega sisi wenye Kiswahili.

Aliye-. Kiswahili sanifu hakikubali "-me-" ikae na kirejeshi ndani ya kitenzi. Tuna anayefika, aliyefika, atakayefika na asiyefika. Ukitaka "amefika" inabidi uzunguke kwa "ambaye amefika". Matokeo yake "aliye-" imebeba mizigo miwili: jambo lililokwisha, na hali iliyoanza zamani ambayo bado ipo. Aliyevaa koti bado amelivaa. Aliyelala bado amelala. Aliyesimama mlangoni yuko mlangoni sasa hivi. Kiingereza kinaitenga mizigo hiyo. Ukiandika "the man who wore a coat", huyo bwana koti alishalivua.

Kwa koti hakuna hasara. Hasara iko hapa. Dada anaandika maelezo yake kwa Kiswahili: "Mimi ni mwanamke niliyeolewa, nina watoto wawili." Akiyapeleka neno kwa neno anaandika "I am a woman who was married". Msomaji anaelewa ndoa imekwisha: ama ameachika, ama ni mjane. Na mumewe yupo, wanaishi pamoja Buhongwa. Aandike "who is married", au kwa ufupi "a married woman".

"Mtu aliyeajiriwa na kiwanda cha samaki": kama bado yuko kazini ni "who is employed". Ukiandika "who was employed" umemwondoa kazini kwa kalamu. "Mtoto aliyepotea", ambaye familia bado inamtafuta, ni "a child who is missing". Hili la mwisho nalisisitiza, maana matangazo ya watoto wanaotafutwa yanasambaa kwenye simu kwa lugha zote mbili, na "a child who was lost" linamfanya msomaji adhani ameshapatikana. Lakini "aliyesomea uhasibu", kama shahada iko mkononi, "who studied accounting" iko sawasawa, masomo yalikwisha. Dawa ni swali moja tu: hali hiyo ipo mpaka leo au ilikwisha?

Nafsi. Kirejeshi chetu kinaweza kumfuata msemaji au msemeshwaji. Tunasali "Baba yetu uliye mbinguni", na ile "u-" ni wewe tunayekuomba. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitu kinachofanana na hicho: Biblia ya King James ya mwaka 1611 inasema "Our Father which art in heaven", na "art" ni kitenzi cha kumwambia mtu mmoja wewe. Tazameni na hiyo "which". Wakati ule ilitumika kwa watu na hata kwa Mungu bila kumvunjia mtu heshima. Leo "which" imebaki kwa vitu na wanyama, na ukiandika "the nurse which helped me" umemshusha nesi wa watu hadi kuwa kifaa cha wodini.

Kwenye CV, nafsi inatutega hivi. Tunasema "mimi ni mwalimu niliyefundisha sekondari", tunaandika "I am a teacher who have taught". Kwa Kiingereza "who" hapo imeshika "a teacher", haikushika "I". Kwa hiyo ni "who has taught".

-m-. "Mwalimu niliyemwona", ile "-mw-" inamtaja mwalimu mara ya pili, na kwetu ni adabu ya lugha. Ndiyo inayozaa "the teacher whom I saw him". Futa "him". Hii ni nyepesi, sikai hapo.

Nawaachia nafasi. Wenye maswali na sentensi zao waweke.

Dagaa wa Giza

Mwangaluka wakuu. Mchapaji, uzi umeenda shule. Mimi niko mwaloni, naandika mihtasari ya BMU yetu, kile kikundi cha kusimamia mwalo na uvuvi. Tukikaa wenyewe tunaandika Kiswahili, wageni wa miradi wakija wanaomba Kiingereza. Sasa tuna onyo la kubandika: "Wavuvi wanaotumia kokoro watanyang'anywa vyombo vyao." Kokoro ni nyavu haramu, ndiyo maana kwa Kiingereza kijana wetu wa kompyuta ameandika "illegal nets", lakini ameweka koma mbili, moja kabla ya "who" na nyingine baada ya "nets", anasema ni za kumpumzisha msomaji. Hivi koma za hapo ni za kupumulia tu?

Mchapaji wa Nyegezi

Hapana mkuu, na asante kwa kuuliza kabla karatasi haijabandikwa. Hapo koma ndiyo inayoamua ni nani anayetuhumiwa.

"The fishermen who use illegal nets will lose their boats." Bila koma, wanaonyang'anywa ni wale wenye kokoro peke yao. Wengine wako salama.

"The fishermen, who use illegal nets, will lose their boats." Kwa koma mbili umesema wavuvi wote wanatumia nyavu haramu na wote watanyang'anywa. Yule anayevua dagaa kihalali usiku wa giza na taa zake za sola amo. Mgeni akisoma hivyo ataandika ripoti yake kwamba mwalo mzima ni wa wahalifu, na ripoti hiyo itasomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga mwaloni kwenu.

Kanuni yenyewe ni hii: bila koma, kishazi kinachagua mtu kutoka kwenye kundi. Kwa koma, mtu au kundi linajulikana tayari na kishazi kinaongeza maelezo tu. Kiswahili kwenye karatasi hakitofautishi sana. Tunatofautisha kwa sauti, au tunaongeza "wale": "wavuvi wale wanaotumia kokoro".

Nyumbani ni vilevile. "My brother who lives in Ukerewe" bila koma inasomeka kwamba unao kaka wengine. "My brother, who lives in Ukerewe," ni kaka mmoja tu. "My wife who sells fish" bila koma inampa msomaji picha kwamba kuna mke mwingine asiyeuza samaki. Mwenye wake wawili aandike hivyo, ni haki yake na ni kweli. Mwenye mke mmoja aweke koma. Kwenye wosia na karatasi za mirathi jambo hili si la mapambo hata kidogo, kwa sababu "my son who" na "my son, who" vinaweza kubadilisha idadi ya watoto wanaotambuliwa.

Na baada ya koma usiweke "that". "My mother, that sells dagaa" haikubaliki katika Kiingereza sanifu. Ni "who".

Binti wa Kisiwani

Kaka Mchapaji, naomba niongeze jambo ambalo kwangu si la darasani. Mimi ni mtu mwenye ualbino, mzaliwa wa Ukerewe.

Wote tunakumbuka miaka ile kuanzia 2006 na kuendelea, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo huku Kanda ya Ziwa kwa sababu ya ushirikina. Magazeti ya nje yaliandika sana, na neno lililotawala lilikuwa "albino", "albinos". Ukisoma habari nzima unakutana na ngozi. Mama, mwanafunzi na fundi cherehani huwaoni. Ndiyo maana nampenda sana huyu "who" wenu. "A woman who has albinism and who teaches mathematics": hapo kwanza ni mwanamke, halafu ualbino, halafu kazi yake, vyote vinaonekana. Kuna na njia fupi, "a person with albinism", inayolingana na "mwenye ualbino" tunayoitumia.

Lakini kuweka "who" peke yake hakutoshi. Angalieni kitenzi kinachofuata. Wengi wakitaka kuonyesha huruma wanaandika "a person who suffers from albinism". Siugui. Ngozi yangu inahitaji mafuta ya kuzuia jua, kofia na mikono mirefu, na macho yangu hayaoni mbali vizuri, hivyo darasani nilikaa mbele. Hayo ni mahitaji ya mwili wangu. Nikiandikwa "who suffers", mwajiri ananisoma kama mgonjwa kabla hajaniona. Andikeni "who has".

Tarehe 13 Juni, siku ambayo tangu 2015 Umoja wa Mataifa unaiadhimisha kwa ajili ya uelewa kuhusu ualbino, mabango mengi hapa yanaandikwa kwa lugha mbili. Mwandaaji wa bango, tafadhali soma uzi huu.

Mchapaji wa Nyegezi

Dada, pokea heshima yangu. Hilo la kitenzi ni kubwa na sikuligusa kule juu.

Wenye ulemavu wa viungo nao wamelisemea. "A man who is confined to a wheelchair" inamfunga mtu kwenye kiti. "A man who uses a wheelchair" inaonyesha mtu anayekitumia kiti ili aende anakotaka.

Na pale sokoni. Kijana akikamatwa na mtu akapaza sauti "mwizi!", neno limeshamaliza kesi, na wote tunajua umati ukilisikia unavyofanya. "Anayetuhumiwa kuiba", "a man who is accused of stealing", linaacha mlango wa mahakama wazi. Wanaoandika habari za mitaa, mkizileta kuchapwa kwangu nitawaomba muweke hivyo mpaka hukumu itoke.

Mwalimu Igoma

Salaam kwa wote, na dada wa Ukerewe salaam za pekee.

Mimi nafundisha Kiingereza. Nakubaliana na mengi, ila kuna mahali nataka tusifanye kanuni ya chuma. Viziwi wengi wa Marekani na Uingereza wanapenda waitwe "Deaf people", kwa D kubwa, kwa sababu kwao uziwi unaambatana na lugha ya alama na utamaduni wao. Ukimwandika mmoja wao "a person who has deafness" unaweza kumkera. Kwa hiyo kutanguliza "person who" si heshima kila mahali. Mwenyewe aulizwe.

La pili ni kwa walimu wenzangu wanaoshangaa kwa nini "whose" haikai kichwani mwa mwanafunzi. Mwaka 1977 Edward Keenan na Bernard Comrie walichapisha utafiti wa lugha nyingi za dunia, wakaonyesha kwamba urejeshi una ngazi. Lugha zote walizozitazama ziliweza kurejesha kiima: mtu aliyefanya. Baadaye anafuata yambwa: mtu aliyefanyiwa. Umiliki uko huko karibu na mwisho, na si kila lugha inaufikia kwa njia ileile. Kiswahili chetu kinaonyesha hivyohivyo. Kiima na yambwa tunavimaliza ndani ya kitenzi: aliyevua, niliyemwona. Tukifika kwenye umiliki, kitenzi hakitoshi, inabidi tuite "ambaye" na bado tuongeze "wake": "mwanamke ambaye mume wake ni mvuvi". Mwanafunzi akiandika "the woman who her husband is a fisherman" amefuata njia ya Kiswahili hatua kwa hatua. Mwonyeshe tu kwamba "who" na "her" vimeungana kuwa "whose".

Halafu kuna zoezi ambalo darasani kwangu linazaa matunda. Vitabu vina "A pilot is a person who flies an aeroplane". Sawa, lakini Igoma hakuna mwanafunzi anayeishi jirani na rubani. Nawaambia waandike watu wanaowajua, hasa wale ambao Kiingereza hakina jina la kazi yao. Hapo "who" inakuwa ya lazima. Mpiga debe wa Buzuruga: "a man who calls passengers to the buses". Mnunuzi wa mabondo: "a trader who buys the swim bladders of Nile perch". Na msichana mmoja aliandika kuhusu shangazi yake mwenye mtumbwi na nyavu zake. Alianza na "fisherman", akasimama, akafuta, akaandika "My aunt is a woman who owns a boat and who fishes for a living". Kiswahili kinasema "mvuvi" bila kuuliza mke au mume. "Fisherman" ina mwanamume ndani yake. Sentensi ya yule binti ilimweka shangazi yake mahali pake, nikampa alama zote.

Dagaa wa Giza

Nimelipata la koma, tumeziondoa zote mbili. Na shangazi mwenye mtumbwi wapo hata huku kwetu, tena akiwalipa vijana wake halembi.

Kijana wa Kigongo

Shikamoo mwalimu, shikamooni wakubwa wote. Nimesoma mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nauza maji na soda kwenye foleni ya kivuko upande wa Kigongo. Tangu daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025 magari yanapita moja kwa moja kwenda Busisi, foleni hakuna. Sina neno na daraja, ambulensi inawahi sasa. Naomba kazi ya mauzo kwa wakala wa vinywaji mjini na wanataka sentensi mbili za kujieleza kwa Kiingereza. Nimeandika hivi:

"I am a person who was selling drinks to passengers which they were waiting the ferry, who the bridge has removed my business."

Naomba msaada.

Mwalimu Igoma

Marahaba mwanangu. "Which they" ni ileile ya kumtaja mtu mara mbili, na abiria ni watu, basi ni "who". Mwisho wa sentensi ulitaka "whose", umeona? Lakini mwachie Mchapaji, nadhani kuna jambo kubwa zaidi ya sarufi hapo.

Mchapaji wa Nyegezi

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu ameona. Hata tukiisahihisha sarufi, ikawa "whose business was removed by the bridge", wakala atakutambua kwa biashara iliyokufa. Umeiweka ndani ya kirejeshi, mahali pa kujulikana kwako. Na "a person" haina haja, kila mwombaji ni mtu. Weka kazi.

Nieleze kwanza: ulikuwa unauza mwenyewe au kwa mtu? Na madereva wa njia ile wanakujua?

Kijana wa Kigongo

Nilikuwa nauza mwenyewe kaka, mtaji wangu. Barafu nilikuwa nanunua alfajiri. Madereva wa Sengerema na Geita wengi wananijua kwa jina, wengine walikuwa wanachukua soda wanalipa wakirudi.

Mchapaji wa Nyegezi

Basi hayo ndiyo ya kuingia ndani ya "who". Andika:

"I am a trader who sold cold drinks to passengers waiting for the Kigongo ferry, and who is known by name to many drivers on the Sengerema and Geita road. The bridge opened in June 2025, and I am now looking for work in sales."

Nimetumia "who sold" kwa sababu kuuza pale kumekwisha, na "who is known" kwa sababu bado wanakujua. "Passengers waiting" ni "who were waiting" iliyofupishwa, wenye lugha wanapenda hivyo. Daraja limepewa sentensi yake, linaeleza kwa nini unatafuta kazi sasa.

La kukopesha soda usiliandike. Likija kwenye usaili, lieleze kwa mdomo na useme wangapi walirudi kulipa. Karatasi ikikamilika pita hapa Nyegezi, nitaichapa bila malipo.